Dola milioni 260 za kungoja

Jaribio la Women's Health Initiative, lililopima kama estrojeni pamoja na projestini huwakinga moyo wanawake waliokoma hedhi, liliwagharimu Wamarekani dola milioni 260 hivi kwa thamani ya fedha ya 2012. Lilikuwa na wanawake 16,608 wa umri wa miaka 50 hadi 79. Ukigawanya, unapata zaidi ya dola 15,600 kwa kila mmoja.

Si dawa iliyokula fedha hizo. Vidonge, vya kweli na vya bandia, vilitolewa na mtengenezaji, kampuni ya Wyeth. Kilicho ghali ni kungoja watu wazima wenye afya waugue. Kati ya kila wanawake 10,000 waliomeza kidonge bandia, ni 30 tu kwa mwaka waliopata mshtuko wa moyo au kufa kwa maradhi hayo. Waliomeza homoni walikuwa 37. Magazeti yalitangaza kwamba hatari imepanda kwa asilimia 29. Wanawake saba kati ya 10,000 ni habari hiyo hiyo, ila haitishi kiasi hicho. Na tofauti ya watu saba huioni kwa kundi la mia tano.

Jaribio la HERS lilijaribu njia ya mkato: lilichukua wanawake 2,763 waliokwisha kuugua moyo, maana kwao matukio hayakawii. Matokeo yalitoka 1998: matukio 172 upande wa homoni, 176 upande wa pili. Kinga haikuonekana.

Lile kubwa lilisimamishwa Julai 2002, baada ya wastani wa miaka 5.2 badala ya 8.5, hasa kwa sababu saratani ya matiti ilivuka kikomo kilichowekwa. Matukio ya moyo yalikuwa 164 upande wa homoni kwa 122 upande wa kidonge bandia, jumla 286. Ukiyatwika gharama yote, kila tukio ni dola laki tisa na ushee (hesabu isiyo ya haki sana, kwani saratani na mifupa vilipimwa kwa fedha hizo hizo).

Ghali? Uchambuzi wa 2014 ulikadiria kwamba, katika miaka kumi, kila dola ilirudisha 140: watumiaji wa homoni walipungua kwa milioni 4.3, saratani za matiti kwa 126,000, maradhi ya moyo na mishipa kwa 76,000. Upande wa hasara, mivunjiko ya mifupa iliongezeka kwa 263,000, kwa kuwa dawa ile ilikuwa inailinda kweli.