Sigareti ya umeme: je, itakutoa katika moshi?

Siku moja saa ya kubadilisha posti, fundi mmoja wa mashine za chini ya udongo alitusimamisha kwa ulizo. Ni mtu wa Kapata, baba wa watoto watano, na anavuta sigareti tangu alipokuwa kijana wa miaka 17. Zamani alikuwa ananunua moja moja kwenye kioski. Leo pakiti nzima haimfikishi jioni. Katika uchunguzi wa kila mwaka munganga alimwomba apulize kwa nguvu ndani ya kipimo cha pumzi. Akapuliza mara tatu. Munganga akatazama namba, akatazama karatasi ya mwaka uliopita, kisha akasema: "Papa, pumzi yako inazeeka mbele yako. Mavumbi ya kazi tutayapigania pamoja. Sigareti ni wewe mwenyewe."

Alikuwa amejaribu kuacha mara mbili. Mara ya kwanza siku nne. Mara ya pili wiki mbili, mpaka kilio cha mjomba wake, mahali watu wanakesha na pakiti inazunguka toka mkono hata mkono. Sasa mwana wake, dereva wa kamyo wa barabara ya Kasumbalesa, amemletea sigareti ya umeme. Fundi akatuuliza: "Hii itanisaidia kuacha, ao ni kutoa shetani mmoja na kuingiza mwingine? Na ninaweza kushuka nayo kazini?"

Kwa ulizo la pili jibu ni fupi: hapana. Tutalirudilia. La kwanza linaomba maneno zaidi.

MOSHI JUU YA MOSHI

Mtu wa mgodi anapashwa kujua jambo ambalo muuzaji wa soko hana lazima sana ya kulijua. Baruti ikipasuka, ao mota ya mazuti ikinguruma chini ya udongo, inatoka hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Ndiyo sababu baada ya kupiga mina tunangoja hewa isafishwe mbele ya kurudi mahali pa kazi. Hewa ile inashikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni na inachukua nafasi yake. Kichwa kinauma, miguu inakuwa mizito, akili inachelewa.

Sigareti inayowaka inatoa hewa ile ile. Kwa hiyo mvutaji anaposhuka, sehemu ya damu yake imekwisha kushikwa. Mwenzake anaanza posti na tangi iliyojaa, yeye anaanza na tangi iliyopunguka, na siku ya hatari wote wawili watahitaji kukimbia njia moja. Habari njema ni kwamba deni hili linalipwa upesi: ukiacha kuvuta moshi, kwa siku moja hivi damu yako inakuwa karibu sawa na ya mtu asiyevuta.

Deni la mavumbi halilipwi upesi. Ndani ya njia za pumzi tuna manyoya madogo sana, yasiyoonekana kwa macho, ambayo kazi yao ni kufagia uchafu na kuurudisha juu tuuteme. Moshi wa tumbako unayalegeza mafagio yale. Basi mavumbi ya mawe yenye silika, ambayo yangetoka kwa sehemu, yanabaki chini na kuharibu mapafu; na mapafu yenye silika yanafungulia mlango kifua kikuu. Mavumbi ya kobalti nayo yanaweza kuleta pumu. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa uchunguzi wao juu ya Kasulo, hapa hapa Kolwezi, mahali watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji kuliko ya watu wa mtaa usiochimbwa, na zaidi sana kwa watoto. Kifua cha mtu wa kwetu kimekwisha kubeba mzigo mbele hajawasha kiberiti.

KIFAA CHENYEWE

Sigareti ya umeme ni betri ndogo, nyuzi ya chuma inayopata moto, na kitanki cha maji. Maji yale yanatengenezwa kwa propileni glikoli na gliserini, manukato, na mara nyingi nikotini. Ukivuta, nyuzi inapata moto na maji yanageuka mvuke. Hakuna jani linaloungua. Kwa hiyo hakuna majivu, hakuna lami ya tumbako, na ile monoksidi ya kaboni karibu haipo. Anayejulikana kwa kutengeneza namna inayouzwa leo ni Hon Lik, mtaalamu wa dawa wa Uchina, mvutaji yeye mwenyewe, ambaye baba yake alikufa kwa kansa ya mapafu. Iliingia sokoni mwaka 2004. Betri ndogo nyingi za namna hii zina kobalti ndani; labda kipande cha jiwe la Kolwezi kilikwenda mpaka Uchina na kurudi kwa njia ya Kasumbalesa mfukoni mwa mwana wa fundi wetu.

Je, inasaidia kuacha? Tusiseme kwa kusikia tu. Katika Uingereza wataalamu walichukua wavutaji 886 waliotaka kuacha. Nusu walipewa sigareti ya umeme, nusu walipewa dawa za nikotini za kawaida, kama plasta ya kubandika kwenye ngozi na chingamu. Wote walizungumza na msaidizi kila wiki, kwa muda wa wiki nne kwa uchache. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: baada ya mwaka mzima, katika watu 100 wa sigareti ya umeme, 18 walikuwa hawavuti tena tumbako, katika watu 100 wa plasta na chingamu, karibu 10.

Soma namba zile pande zote mbili. Kifaa kilishinda plasta, ndiyo. Lakini 82 katika 100 hawakufaulu, ingawa walikuwa na msaidizi wa kila wiki. Na katika wale waliofaulu kwa kifaa, 80 kwa 100 walikuwa wangali wanakivuta mwisho wa mwaka. Wameacha moshi, nikotini bado inawashika. Sisi tunaona hiyo ni hatua kubwa kwa kifua, lakini mtu aijue mbele ya kuanza, asije akasema alidanganywa.

Mtego mkubwa ni mwingine. Wengi wanavuta vyote viwili: sigareti ya umeme ndani ya nyumba ili bibi asilalamike, na sigareti ya moto nje na marafiki. Mtu huyo anajipongeza bure. Sigareti tano kwa siku zinaendelea kuharibu moyo na mishipa, na mafagio ya kifua hayapati siku hata moja ya kupona. Ukichukua kifaa, weka tarehe, na siku ile toa pakiti zote nyumbani, hata ile iliyofichwa katika koti la kazi.

Mvuke nao si hewa ya asubuhi. Kifaa hiki kina miaka ishirini na kitu tu sokoni, na hakuna bado mtu aliyekivuta miaka 40 tukaona mwisho wake. Mwaka 2019 Marekani ilipata ugonjwa mkali wa mapafu kwa watu waliovuta mvuke: zaidi ya 2,800 walilazwa lupitalo ao kufa, na kufika mwezi wa pili 2020 waliokufa walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta maji yenye dawa ya bangi iliyochanganywa na mafuta ya vitamini E, yaliyonunuliwa kwa njia ya uficho. Ni onyo kwetu, tunaonunua vitu visivyo na karatasi kando ya barabara. Usivute maji ambayo chupa yake haisemi ndani mna nini. Jirani zetu wa Uganda walikata neno kabisa: sheria yao ya tumbako ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza sigareti za umeme. Shirika la Afya la Ulimwengu nalo, katika maongozi yake ya mwaka 2024 juu ya kuacha tumbako, linasifu plasta, chingamu na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini. Sigareti ya umeme halikuiweka katika hesabu hiyo. Kwa hiyo anza kwa munganga. Kama dawa zile zinapatikana, zijaribu kwanza.

Asiyevuta tumbako asiguse kifaa hiki hata kwa mchezo, na vijana wetu wanaopenda harufu ya embe na menta tuwaambie hivyo kwa sauti. Maji ya nikotini ni sumu kwa mtoto anayeyanywa. Weka chupa juu, mahali pa kufungwa, kama unavyoweka mazuti ya taa.

KAZINI

Sasa ulizo la pili. Nyuzi inayopata moto ni moto, hata kama haionekani. Kwenye ghala ya baruti, kwenye tangi za mazuti, na kwenye kiwanda ambamo shaba inatengwa kwa mafuta yanayoshika moto upesi, kifaa hiki ni sawa na kiberiti. Betri nayo inaweza kupasuka: ukiitia mfukoni pamoja na funguo ao misumari, chuma kinaunganisha ncha zake, inapata moto, na nguo za kazi zinawaka juu ya paja. Inabaki katika sanduku lako la nguo, imezimwa, peke yake.

Fundi alituuliza basi atafanya nini saa nane za posti. Tulimjibu kwamba chini hata leo havuti, na hajafa. Hamu inakuja kama wimbi, inapanda, na kwa dakika chache inashuka. Kunywa maji, tafuna karanga, shika ufunguo wa mashine. Juma la kwanza ndilo baya kuliko yote: hasira, usingizi mbovu, tumbo linaomba bukari kila saa. Baada ya wiki tatu ao ine linatulia. Na vilio visikutege: kaa karibu na wale wasiovuta, uwaambie mapema.

Alichagua tarehe mosi, siku baada ya mshahara, na bibi yake akahesabu mbele ya watoto feza za pakiti 30 za mwezi mmoja. Amekwisha wiki saba. Alianguka mara moja, sigareti mbili, siku ya jumapili. Kesho yake akaanza tena bila kungoja tarehe nyingine. Kifaa bado anacho, na munganga amemwambia ashushe nguvu ya nikotini kidogo kidogo. Anasema anakohoa zaidi asubuhi kuliko zamani, akaogopa. Munganga akamjibu kwamba mafagio yameanza kazi. Kipimo chake cha pumzi kinachokuja ni mwezi wa nane.