Mpishi Aliyerudishwa Nyumbani

Watu wa hoteli wa Pwani ya Kenya wamezoea kukaa bila kazi. Kila mwaka masika ikiingia, wageni huadimika Diani, Watamu na Malindi, baadhi ya hoteli hufunga ili zipakwe rangi, na vibarua hurudi Kinango au Kaloleni kulima mahindi wakingoja Julai. Kwa hiyo Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini tarehe 13 na safari za ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa kabla mwezi haujaisha, ungedhani hawa ndio wangeyumba mwisho. Haikuwa hivyo. Kwa sisi washauri nasaha, wao ndio waliokuja wakiwa wamechoka zaidi.

Miezi ya kukosa mshahara walikuwa wameipitia, na njaa ya masika wanaijua. Kilichowavunja ni kwamba safari hii hapakuwa na Julai. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, ikaongezwa, kisha ikaongezwa tena. Aprili kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi kukapigwa marufuku. Shida yenye mwisho unaojulikana, mtu huipangia. Isiyo na mwisho humfanya asubiri, na anayesubiri haamui kitu: halimi, kwa kuwa huenda akaitwa wiki ijayo; hatafuti kibarua kingine, kwa sababu hiyohiyo. Nilimsikiliza mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa hoteli akinieleza haya kwa nusu saa, kila sentensi ikianza na "wakitupigia simu".

Wanasaikolojia walikutana na hali kama hii zamani, katika kijiji cha Marienthal, Austria. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiajiri karibu kijiji kizima kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakaenda kutazama wanakijiji wanaishije, na matokeo yakachapishwa 1933. Mtu angetarajia kwamba wenye muda mwingi watasoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua karibu kwa nusu, ijapokuwa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Watafiti walisimama dirishani na saa, wakapima mwendo wa wapita njia. Wanaume walijikokota, wakisimama mara kwa mara. Walipoulizwa asubuhi yao ilikwendaje, wengi hawakuwa na la kueleza. Wanawake walipita haraka. Wao pia walipoteza kazi kiwandani, lakini jiko, watoto na nguo za kufua vilibaki palepale.

Baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira, mbali na mshahara, humpa mtu mambo ambayo hayaandikwi kwenye mkataba: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi, na shughuli ya lazima. Yakiondoka yote asubuhi moja, ndipo unamwona mtu mzima anashinda kitandani na jamaa wanamwita mvivu.

Mteja wangu mmoja alikuwa mpishi. Alizoea kuwa jikoni kabla ya mapambazuko, na kilo za vitunguu zikimsubiri. Alipopewa likizo bila malipo alikaa nyumbani wiki mbili, kisha akaanza kumkosoa mkewe namna anavyokata vitunguu. Wakagombana kila siku. Mkewe alikuwa muuza mahamri, na lile jiko, kusema kweli, lilikuwa mahali pake pa kazi. Mumewe alikuwa mgeni asiyeondoka. Mimi sikuona haja ya kuwahubiria kuhusu subira. Tuligawa saa. Unga wa mahamri hukandwa usiku ili uumuke hadi alfajiri, na ukandaji ndio uliokuwa ukimmaliza mama yule mikono. Mume akachukua unga: saa tatu usiku kila siku, nazi na iliki juu yake, mke haingilii. Alfajiri mke anakaanga, mume haingilii. Faida haikufika hata robo ya mshahara wa hoteli. Lakini mtu akawa na saa ambayo ni lazima awe mahali fulani, na vitunguu vikaachwa.

Nisieleweke vibaya. Mpangilio wa siku haulipi kodi ya nyumba. Hukohuko Marienthal watafiti waliona kwamba familia zilizokata tamaa zaidi ndizo zilizobakiwa na fedha kidogo zaidi, na mshauri anayeagiza mazoezi ya asubuhi bila kuuliza nyumbani kuna unga anajidanganya. Ndiyo maana maswali yangu ya kwanza ni ya karatasi. Je, barua inasema likizo au kupunguzwa kazi? Ni mambo mawili tofauti. Aliyepunguzwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Kuna mkopo? Machi ileile ya 2020 Benki Kuu ya Kenya ilikubaliana na mabenki kwamba wakopaji walioathirika waongezewe muda, lakini aliyetaka nafuu hiyo ilibidi aende kuiomba. Wengi waliona haya, wakazima simu.

Kwa lile suala la kukosa Julai, dawa niliyoona ikifaa ni kujiwekea Julai yako. Mtu anachagua tarehe, tuseme mwisho wa Mei, anaiandika, anamwambia mwenzake: sijaitwa kufikia hapo, nahamisha familia nyumba ya bei nafuu, au narudi shambani. Hadi tarehe hiyo haruhusiwi kuwaza jambo hilo kila usiku. Tarehe inaweza kuwa na makosa. Afadhali hivyo kuliko kuamua upya kila taarifa ya habari.

Jambo moja husahaulika: kurudi kazini nako ni badiliko la ghafla. Mpishi wangu aliitwa kwa nusu mshahara na zamu ya usiku. Alifurahi siku moja tu, kisha wakarudi kwangu wote wawili, maana wateja wa mahamri walikuwa wameongezeka na hapakuwa na wa kukanda.