Miaka minane na fidla: Maumivu si ishara ya bidii

FIDLA ya mtu mzima ina uzito wa karibu nusu kilo tu. Hata hivyo, mtoto anayeishika kila jioni kwa miaka minane hamalizi kama alivyoanza. Ubongo wake, vidole vyake, shingo yake na hata masikio yake hubadilika. Baadhi ya mabadiliko hayo ni faida ya maisha. Mengine ni madhara ambayo yangezuiliwa mapema.

Kwa miaka mingi fidla ilihesabiwa jijini Nairobi kuwa chombo cha watoto wa matajiri. Siku hizi wamo vijana wa Kibera na Kawangware wanaomaliza shule wakiwa wameipiga tangu utotoni. Mafunzo mengi ya aina hii duniani yameiga El Sistema, mpango ulioanzishwa na José Antonio Abreu nchini Venezuela mwaka wa 1975, ambapo watoto, wengi wao wa familia maskini, hufundishwa pamoja katika okestra na kuazimwa vyombo.

Msichana mmoja wa Kibera alikuja kliniki wiki chache baada ya kufanya mtihani wa KCSE. Kidole cha pete na kile kidogo cha mkono wake wa kushoto vilikuwa vikifa ganzi. "Daktari," aliniambia, "nilidhani mkono ukiuma ndiyo najifunza." Kisha akauliza swali ambalo wahitimu wengi hujiuliza: miaka minane ile imemwachia nini, ikiwa fidla yenyewe itarudishwa ili apewe mtoto mwingine?

Kinachobaki ubongoni

Jibu la kwanza ni la kutia moyo. Mwaka wa 1995, Thomas Elbert na wenzake nchini Ujerumani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wapigaji 9 wa vyombo vya nyuzi. Waligundua kwamba sehemu ya ubongo inayopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya watu wasiopiga vyombo hivyo. Walioanza wakiwa wadogo ndio waliokuwa na tofauti kubwa zaidi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Hata hivyo, mzazi asidanganywe kwamba fidla itampa mwanawe alama za juu katika hisabati. Ushahidi wa hilo ni hafifu. Anachopata kwa hakika ni vidole vyenye ustadi, sikio linalotambua sauti, na mazoea ya kurudia jambo gumu mpaka liwe jepesi.

Shingo na mkono

Wapigaji wa orutu ya Waluo huishika mbele ya mwili, mbali na shingo. Fidla hukaa juu ya bega la kushoto na kushikiliwa kwa kidevu. Mkono wa kushoto hukunjwa kiwikoni na kupinda kwa ndani. Mkao huo ukidumu kwa saa nyingi, misuli ya shingo na bega hukakamaa.

Neva inayovipa hisia kidole kidogo na sehemu ya kidole cha pete hupita nyuma ya kiwiko, pale panapokupa mshtuko ukijigonga. Kiwiko kikikaa kimekunjwa kwa muda mrefu, neva hiyo hunyooshwa na kubanwa. Msichana yule alikuwa ameiweka fidla kando kwa miezi mitatu ili asome, huku ameegemeza kiwiko mezani usiku kucha. Mtihani ulipokwisha, alirudi kupiga saa tatu kwa siku kwa ajili ya tamasha la kuwaaga wahitimu. Nyumbani pia alibeba mitungi ya maji ya lita 20 na kukamua nguo.

Nilimshauri apunguze mazoezi, aache kuegemea kiwiko, na alale akiwa amezungushia taulo kiwikoni ili kisikunjike. Ganzi ilipungua wiki baada ya wiki.

Mambo ya kuzingatia

• Fidla ilingane na mwili. Zipo za robo, nusu na robo tatu. Mtoto akinyoosha mkono, aweze kukifikia na kukizungushia vidole kichwa cha fidla bila kujivuta.

• Weka sponji au kitambaa kilichokunjwa chini ya fidla ili bega lisipandishwe.

• Pumzika dakika 5 hadi 10 kila baada ya nusu saa.

• Baada ya likizo au mtihani, anza na dakika chache na uongeze polepole.

• Usipige mara tu baada ya kubeba maji au kufua.

• Ukitetemeka kabla ya tamasha, usimeze dawa ya presha ya mtu mwingine. Propranolol inaweza kumdhuru vibaya mwenye pumu.

• Ganzi, mkono kulegea, au maumivu yanayodumu hata baada ya siku kadhaa za mapumziko yaonwe na daktari.

Sikio la kushoto

Fidla hulia sentimita chache tu kutoka sikio la kushoto. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na wataalamu kazini kwa saa 8 ni desibeli 85, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo hupungua nusu. Fidla ikipigwa kwa nguvu hukipita kiwango hicho, na chumba kidogo cha mabati huzidisha sauti. Kizuizi cha mpira kinachobanwa juu ya daraja la fidla hupunguza kelele, na majirani nao watashukuru. Masikio yakivuma baada ya mazoezi, hiyo ni onyo.

Siku ya kurudisha fidla

Kijana aliyezoea kukutana na wenzake kila wiki akipoteza chombo, kikundi na shule kwa wakati mmoja, anaweza kukosa usingizi, hamu ya chakula na raha. Mzazi asimwambie kwamba ni mchezo tu. Mfundishaji naye ampe nafasi ya kuwasaidia watoto wanaoanza, au amruhusu kuja kupiga siku moja kwa wiki. Anayetaka kuendelea anaweza kuulizia masomo katika Kenya Conservatoire of Music au Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Fidla itarudishwa, lakini ujuzi hubaki na mwenyewe. Ni wajibu wetu wazazi, walimu na madaktari kuhakikisha kwamba anaondoka na ujuzi huo bila kuondoka na mkono mgonjwa. Mtoto akisema anaumwa, mwambie aiweke fidla chini, kisha msikilize.