Isaka na Waliomfukia Visima

Wajukuu zangu, hii si hadithi ya paukwa pakawa. Imo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, na walimu wa Jumapili wengi huiruka, kwa sababu Isaka hapigani na jitu kwa kombeo wala hatupwi kwenye tundu la simba. Ana visima tu, na majirani waliokwisha kuamua kwamba hawamtaki.

Ulikuwa wakati wa njaa. Isaka, mwana wa Ibrahimu, akahamia Gerari, kwa Abimeleki mfalme wa Wafilisti. Huko alianza vibaya: kwa woga aliwaambia watu kwamba Rebeka mkewe ni dada yake, na mwisho akaumbuka. Nawaambia mapema, msije mkadhani alikuwa malaika. Baadaye akalima, na mwaka uleule akavuna mara mia. Kondoo wakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, watumishi wakaongezeka. Basi majirani wakaanza kumwonea kijicho.

Sasa sikilizeni walichofanya. Walikwenda kwenye visima vilivyochimbwa na watumishi wa Ibrahimu zamani, wakavifukia kwa udongo. Hawakuvinyang'anya ili wanyweshe mifugo yao, la! Walivifukia. Katika nchi kavu kama ile, mtu anabeba udongo na kuumwaga kwenye maji ambayo hata mbuzi wake mwenyewe angeyanywa. Husuda iko radhi kulala na kiu, mradi na wewe ulale na kiu.

Na kuchimba kisima kule si kazi ya asubuhi moja. Penye magofu ya Beer-sheba ya kale, mahali ambapo Isaka atafika baadaye katika kisa hiki, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005, kuna kisima chenye kina cha karibu mita 70, sawa na jengo la ghorofa 20 lililopinduliwa likazama ardhini. Sisemi ndicho cha Isaka, hakuna awezaye kuapa hivyo. Nataka tu muone jasho linalofukiwa mtu anapofukia kisima cha mwenzake.

Kisha Abimeleki akamwambia Isaka aondoke, kwa kuwa amewazidi nguvu. Isaka akafunga mizigo, akapiga hema katika bonde la Gerari. Akavifukua visima vya baba yake na kuviita majina yaleyale aliyoyatoa baba yake. Watumishi wake wakachimba kingine, wakapata maji yanayobubujika. Wachungaji wa Gerari wakaja mbio: maji haya ni yetu! Isaka akakiita kisima kile Eseki, yaani ugomvi, akawaachia. Akachimba cha pili, wakakigombania pia. Hicho akakiita Sitna, yaani uadui. Akasogea tena, akachimba cha tatu. Safari hii hakuja mtu. Akakiita Rehobothi, mahali penye nafasi.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini hakupigana? Si mfalme mwenyewe alikiri kwamba Isaka ana nguvu kuwazidi? Angeweza kusema, ukimwaga mboga namwaga ugali, akatuma vijana wake usiku wakafukie visima vya Gerari. Hakufanya hivyo. Lakini tazameni na jambo la pili, ambalo watu hawalioni: hakwenda kuwabembeleza pia. Hakupeleka kondoo wa zawadi ili wampende. Hakukaa kando ya Sitna akilia, nimewakosea nini? Alitaja jambo kwa jina lake, uadui, kisha akaokota jembe.

Wengi wenu mnaumia hapo. Kuna mwenzako darasani ambaye ukifika tu, kikundi kizima kinanyamaza. Umemwazima peni, ameirudisha bila kofia yake. Umemkatia nusu ya embe lako, amelitazama na kusonya. Jiulize kwanza kama kuna ulilomkosea. Kama lipo, nenda kaombe msamaha. Kama halipo, acha kumfuata. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma wakae kwa amani na watu wote, ila aliweka sharti: ikiwezekana, na kwa upande wao. Upande wa yule mwenzako hukupewa wewe uusimamie. Wako ni kutomsema vibaya, kumwombea, na kuendelea na kwaya yako, mpira wako, hesabu zako. Ila akikupiga au kukutisha, mwambie mwalimu au mzazi siku hiyohiyo. Kunyamaza juu ya kipigo si upole.

Hata Bwana Yesu alikataliwa. Kijiji kimoja cha Wasamaria kilimnyima mapokezi kwa kuwa tu alikuwa anaelekea Yerusalemu. Yakobo na Yohana wakawaka, wakataka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze. Akawakemea wao, wanafunzi wake, si wanakijiji. Kisha wakashika njia kwenda kijiji kingine.

Turudi kwa Isaka, maana utamu uko mbele. Alipanda mpaka Beer-sheba. Usiku ule Mungu akamtokea, akamwambia asiogope. Akajenga madhabahu, watumishi wakaanza kuchimba tena. Siku moja, nani anakuja? Abimeleki mwenyewe, na rafiki yake Ahuzathi, na Fikoli mkuu wa jeshi. Isaka hakujichekesha. Aliwauliza waziwazi wamefuata nini, ilhali walimchukia na kumfukuza. Wakajibu kwamba wameona Mungu yuko pamoja naye, wanataka kiapo kwamba hatawadhuru. Halafu wakaongeza, bila aibu, kwamba wao walimtendea mema tu na kumwacha aende kwa amani!

Mema tu? Na visima je? Mimi hapo ningeanza kuhesabu: Eseki, Sitna, na vile vya marehemu baba. Isaka hakuhesabu. Swali lake alikwisha kuliuliza na ukweli wake alikwisha kuusema. Akawaandalia karamu, wakala, wakanywa. Asubuhi na mapema wakaapiana, akawasindikiza. Biblia haisemi kwamba walianza kumpenda. Inasema waliondoka kwa amani, na siku ileile watumishi wakaja na habari kwamba kile kisima kipya kimetoa maji.

Msidhani basi kwamba Isaka alistarehe. Geuzeni macho kwenye mistari miwili ya mwisho ya sura hiyohiyo: mwanawe Esau, akiwa na miaka 40, alioa wake wawili wa Kihiti, nao wakawatia Isaka na Rebeka uchungu mwingi. Lakini hayo ni mambo ya nyumbani kwake, tutayaongea siku nyingine.