Pikipiki ya Magurudumu Manne na Majeraha ya Mlima

Pikipiki ya magurudumu manne ni chombo cha injini kilichotengenezwa kwenda pasipo na barabara. Dereva hukipanda kama pikipiki ya kawaida, mguu mmoja kila upande, na kukiongoza kwa mikono ya usukani. Nyingi zina uzito wa kilo 200 hadi 400. Aina mpya zaidi, yenye viti viwili sambamba, usukani wa duara na fremu ya vyuma juu ya vichwa vya abiria, hufika kilo 600 na kuendelea.

Chombo kilichoitangulia kilikuwa na magurudumu matatu. Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kukiuza Marekani mwaka 1970, kikiwa na injini ndogo na matairi manene yaliyojazwa upepo kidogo sana. Kilipinduka kirahisi na kuua watu wengi, wakiwamo watoto, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza vipya. Magurudumu manne yakashika nafasi hiyo. Wafugaji na wakulima wamefaidika nayo kwelikweli, kwa kuwa hubeba chakula cha mifugo na vifaa vya uzio hadi mahali ambapo gari lingekwama. Madhara makubwa yalikuja pale chombo hicho kilipogeuzwa cha starehe na kupelekwa milimani kwa wingi. Kwa makadirio ya Idara ya Misitu ya Marekani, watumiaji wa vyombo vya nje ya barabara nchini humo waliongezeka kutoka takribani milioni 5 mwaka 1972 hadi karibu milioni 36 mwaka 2000.

Wanaoitetea pikipiki hiyo husema tairi lake ni laini kuliko unyayo wa mtu. Kuna ukweli ndani ya hoja hiyo. Tairi pana lenye upepo mdogo husambaza uzito, na mgandamizo wake juu ya udongo unaweza kulingana na ule wa mtu aliyesimama. Lakini tairi halikusimama, nalo ndilo linalosukuma chombo. Kashata zake ndefu huchimba udongo na kuutupa nyuma kila dereva anapoongeza mafuta, na zaidi sana anapopanda mteremko au kukata kona kwa kasi. Mtembeaji huacha nyayo zilizoachana. Gurudumu huacha mstari usiokatika. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha tatizo lote, kwa sababu mstari usiokatika ni mfereji.

Ili kuelewa hasara hiyo ni lazima kujua kwamba njia nzuri ya miguu ya mlimani imejengwa kwa ustadi. Wajenzi wake huipitisha kwa mshazari kwenye ubavu wa mlima, huipinda huku na huku ili isielekee moja kwa moja chini, na huiinamisha kidogo upande wa bonde ili maji yatoke. Penye mteremko mkali huweka mawe au magogo ya kukinga maji na kuyatupa pembeni. Gurudumu husaga ukingo wa nje wa njia, hung'oa magogo hayo na kuacha mitaro miwili. Dereva anayetaka kuonja nguvu ya injini hukatisha kona na kupanda wima. Mvua inayofuata haina tena pa kutokea, hivyo hushuka na mitaro ile, ikiongeza kasi na kubeba udongo. Baada ya misimu michache mtaro huwa korongo, na mchanga wake huishia kwenye vijito ambako samaki aina ya trauti hutaga mayai kati ya kokoto safi.

Chini ya uso kuna jeraha lisiloonekana. Udongo wenye afya una matundu mengi yanayopitisha maji, hewa na mizizi. Ukishindiliwa, matundu hayo hufungwa, maji hushindwa kuzama na mbegu hushindwa kushika. Hali huwa mbaya zaidi kwenye mbuga zenye majimaji. Huko, kama kwenye barabara za vijijini wakati wa masika, kila dereva hukwepa matope ya mwenzake, na njia moja hugeuka kuwa njia nyingi sambamba zinazokausha mbuga nzima.

Juu ya mpaka wa miti, ambao katika jimbo la Colorado uko karibu na mita 3,500, mimea huwa na majuma machache tu ya kukua kila mwaka. Mingine hujikunja kama mto mdogo wa kulalia ulioshikamana na ardhi, na shina moja laweza kuishi zaidi ya miaka 100. Dereva mmoja hulisaga kwa sekunde moja. Hakuna mahali ambapo starehe fupi huleta hasara ndefu namna hiyo.

Wanyama nao hulipa. Katika msitu wa utafiti wa Starkey, jimbo la Oregon, wanasayansi walifuatilia elki, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu, kwa vifaa vya redio. Elki walihamahama zaidi walipopitiwa na pikipiki za magurudumu manne kuliko walipopitiwa na watembea kwa miguu au wapanda farasi. Kukimbia huko hula mafuta ya mwili wanayohitaji ili kuvuka majira ya baridi.

Kutengeneza kilichoharibika kunawezekana, ila ni kazi ya jasho. Udongo ulioshindiliwa hutifuliwa, mawe makubwa huwekwa mlangoni mwa njia haramu, na matawi makavu husimikwa ardhini ili kuficha alama zisimvute dereva mwingine. Mahali pakavu pakiachwa tu, muda wa kupona ni mrefu mno: katika jangwa la Mojave, alama za vifaru vya jeshi la Marekani vilivyofanya mazoezi kati ya 1942 na 1944 bado zinaonekana.

Kwa upande wa kinga, sheria ya Marekani ya mwaka 1964 kuhusu maeneo ya nyika inakataza magari ya injini ndani ya maeneo hayo, isipokuwa kwa mambo machache kama dharura za uokoaji. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon aliagiza ardhi nyingine za umma zigawanywe kati ya zinazoruhusu vyombo hivi na zisizoruhusu, na mwaka 1977 Rais Jimmy Carter akaongeza amri ya kufunga mara moja eneo linaloharibiwa. Utekelezaji ulisuasua kwa miaka mingi. Mwaka 2005 Idara ya Misitu ilitoa kanuni inayotaka kila msitu wa taifa uchapishe ramani ya njia zilizoruhusiwa. Tangu ramani hiyo itoke, kukosekana kwa kibao cha katazo si ruhusa: njia isiyochorwa humo imefungwa, na ni wajibu wa dereva kuisoma ramani kabla ya kuwasha injini.