Safari ya kwanza ya duka kubwa la samani: Yafaayo kujulikana kabla ya kufungua pochi

Kwa miaka mingi familia nyingi za Dar es Salaam zilizotaka kitanda au kabati zilielekea Keko, na zile za Nairobi zilielekea kwa mafundi wa kando ya Ngong Road. Mnunuzi alimkuta fundi na randa mkononi, akaichagua mbao, akaeleza kipimo, wakapatana bei. Kilichokosewa kilirudishwa kwa aliyekitengeneza, naye alijulikana kwa jina na kwa sura.

Leo wapo wengi, hasa maharusi na waliohamia nyumba mpya, ambao safari yao ya kwanza ni ya duka kubwa lenye ghorofa, taa nyingi na vyumba vya maonyesho vilivyokwisha kupambwa. Humo hakuna fundi wa kuulizwa, na bei imekwisha kuandikwa. Fedha iliyowekwa akiba kwa miaka inaweza kumalizika kwa alasiri moja. Ndiyo maana tumeona vyema juma hili tuzungumze na wasomaji wetu juu ya safari hiyo.

Kwanza tufahamu duka la namna hii linavyofanya kazi. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni IKEA, kampuni iliyoanzishwa nchini Sweden mwaka 1943 na Ingvar Kamprad, akiwa kijana wa miaka 17. Mwaka 1956 ilianza kuuza samani zilizofungwa vipande vipande ndani ya maboksi bapa, na mwaka 1958 ikafungua duka lake la kwanza katika mji wa Älmhult. Ndugu zetu walioko London au Dubai wanayajua maduka hayo: njia moja inayompitisha mteja chumba baada ya chumba, kisha ghala ambako hujichukulia boksi mwenyewe na kwenda kuunga nyumbani. Maduka mengine mengi yamefuata desturi hiyo. Mteja hupitishwa mbele ya vitu vingi asivyovikusudia, na chumba kilichopangwa kwa ustadi humfanya atamani chumba kizima ilhali alikuja kutafuta meza.

Kwa hiyo safari huanzia nyumbani, kwa futikamba na daftari. Pima urefu, upana na kimo cha mahali samani itakapokaa. Kisha pima njia itakayopita: lango, mlango wa sebule, ukumbi, na kona ya ngazi kama unaishi ghorofani. Sofa nyingi hupendeza dukani zikakwama mlangoni. Dukani dari ni refu na sakafu ni pana, hivyo kila kitu huonekana kidogo kuliko kilivyo. Namba zilizo daftarini ndizo zitakazokuambia kweli.

Kitanda kinahitaji uangalifu wa pekee. Magodoro ya kwetu hupimwa kwa futi, na lile la tano kwa sita ni kama sentimita 152 kwa 183. Vitanda vingi vinavyotoka nje hutengenezwa kwa sentimita 160 kwa 200, au 180 kwa 200. Ukiliweka godoro lako la tano kwa sita katika kitanda cha 160 kwa 200, utabaki na pengo la sentimita 8 ubavuni na 17 miguuni. Hapo utalazimika kununua godoro jipya, na pengine shuka na chandarua pia, gharama ambayo hukuipangia.

Baada ya vipimo, andikeni orodha, mume na mke pamoja, mkigawa mafungu mawili: yasiyoweza kusubiri, na yanayoweza kusubiri. Kitanda, godoro na mahali pa kuhifadhi nguo ni fungu la kwanza. Kabati la vyombo vya mapambo na meza ya kioo ni la pili. Wekeni kiwango cha fedha kisichovukwa, na ndani yake tengeni ya kirikuu, ya wapagazi na ya fundi wa kuunga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku ya kwanza nendeni kutazama tu. Chagueni siku ya kazi asubuhi, kabla ya msongamano wa mwisho wa juma, na mpange muda ili Adhuhuri isiwakute kwenye foleni ya malipo. Kuleni kabla ya kutoka, kwani mwenye njaa na uchovu huamua upesi ili aondoke. Mkiwa na watoto wadogo, mmoja awaangalie huku mwingine akikagua.

Kukagua ni kazi ya mikono. Kalia sofa kwa dakika kadhaa kama ukaavyo nyumbani, uegemee. Vuta droo hadi mwisho. Tikisa meza. Angalia nyuma ya kabati na chini ya kitanda, kwa kuwa huko ndiko unafuu wa bei hujificha. Uliza samani imetengenezwa kwa nini. Mninga, mkongo na msaji ni mbao za kweli, nazo hudumu. Samani nyingi za maboksi ni za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa kwa karatasi ngumu. Hizi ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini maji yakiziingia huvimba na haziponi. Anayeishi pwani, penye unyevu, au anayedeki sakafu kwa maji mengi, achague zenye miguu inayoinua ubao kutoka chini.

Muuzaji akitaja malipo ya mafungu, fanya hesabu papo hapo. Tuchukue mfano wa sofa ya taslimu shilingi 1,200,000. Ukiambiwa ulipe 130,000 kila mwezi kwa miezi 12, jumla ni 1,560,000, yaani umeongeza 360,000. Wanazuoni wengi wameruhusu kuuza kwa malipo ya baadaye ikiwa bei ni moja na imekubaliwa tangu mwanzo, bali nyongeza anayotozwa mdaiwa kwa kuchelewa, ikaingia mfukoni mwa mdai, ni riba. Basi soma mkataba wote, na penye shaka umuulize mwenye elimu kabla ya kutia saini. Nyumba yenye mkeka na amani ni bora kuliko sebule iliyojaa madeni.

Ukiridhika, dai stakabadhi, na uandikiwe muda wa dhamana, gharama ya kufikisha, na masharti ya kurudisha. Mzigo ukifika, kagua kabla ya kuwaruhusu wapagazi waondoke: kona za maboksi, vioo, na idadi ya vipande. Hesabu skrubu kabla ya kuanza kuunga. Usitupe boksi wala karatasi ya maelekezo mpaka kila kitu kimesimama.

Jambo la mwisho ndilo tunaloliona zito kuliko yote. Makabati marefu ya droo yanaweza kumwangukia mtoto. Mtoto hufungua droo mbili tatu, akazikanyaga kama ngazi, na uzito wote ukahamia mbele. Mwaka 2016 nchini Marekani IKEA ilitangaza kurejesha makabati yapatayo milioni 29 baada ya vifo vya watoto, na mwaka 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria juu ya uthabiti wa samani hizo. Kinga yake ni ndogo: kipande cha chuma au mkanda unaolifunga kabati ukutani. Mara nyingi huwa ndani ya boksi, na mara nyingi hutupwa. Usipokikuta, fundi atakutengenezea. Vitu vizito viwekwe droo za chini, na televisheni isiwekwe juu ya kabati la droo.

Baada ya hayo yote, huenda ukaona kwamba kitanda cha fundi wa Keko kinakufaa zaidi, na kabati la dukani linakufaa pia. Hakuna ubaya kuchanganya. Nyumba haijai kwa siku moja, na maharusi wanaoanza na kitanda, mkeka na jiko hawajapungukiwa na heshima. Kitakachosalia kitanunuliwa mwakani, inshallah, kwa fedha ambayo haina mdai.