Kula kwa Wawili? Lishe na Maisha ya Kila Siku ya Mjamzito Mwenye Kisukari

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Kenya, mwanamke anapokuwa mjamzito huambiwa kwamba sasa anakula kwa ajili ya watu wawili. Sahani yake hujazwa pomoni, uji wake huongezwa sukari, na akisitasita huonywa kwamba anamnyima mtoto. Usia huu hutokana na mapenzi. Hata hivyo, kwa mwanamke aliyepatikana na kisukari akiwa na mimba, mapenzi ya aina hiyo yanaweza kumdhuru yeye pamoja na mtoto wake. Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha hali hiyo, lishe inayofaa, na namna mwanamke anavyoweza kuendesha maisha yake ya kila siku hadi ajifungue salama.

Jina na Upotoshaji Wake

Mjadala huu hauna budi kuanza na lugha. Maradhi haya huitwa kisukari au ugonjwa wa sukari, na jina hilo la pili limewapotosha wengi. Msikilizaji hudhani kwamba adui ni ile sukari ya dukani tu. Mjamzito akishaambiwa kliniki kuwa ana "sukari", huacha kutia sukari katika chai, kisha akaendelea kula chapati tatu na bonge la ugali bila wasiwasi. Akipimwa tena na kukuta kiwango hakijashuka, huvunjika moyo.

Sukari inayozungumziwa na mhudumu wa afya ni glukosi iliyomo katika damu. Glukosi hiyo hutokana na vyakula vyote vya wanga: ugali, wali, mkate, viazi, ndizi, muhogo na uji. Neno wanga nalo lina utata wake, kwa kuwa humaanisha pia wachawi. Anayemwambia mama wa kijijini "punguza wanga" bila kutaja chakula chenyewe hajamwambia kitu. Afadhali ataje ugali na akadirie ukubwa wake.

Chanzo cha Hali Hii

Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo huwezesha glukosi kutoka katika damu na kuingia katika seli ili itumike kama nguvu. Wakati wa ujauzito, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza uwezo wa insulini kufanya kazi, hasa katika nusu ya pili ya mimba. Wanawake wengi hustahimili mabadiliko haya kwa kuwa kongosho huongeza insulini. Isipotosheleza, glukosi hurundikana katika damu. Hicho ndicho kisukari cha ujauzito. Wapo pia wanawake waliokuwa na kisukari kabla ya kushika mimba. Hao huhitaji kumwona daktari mapema zaidi, maadamu viungo vya mtoto huumbika katika majuma ya kwanza.

Aghalabu kisukari cha ujauzito hakina dalili. Kwa sababu hiyo, kipimo hufanywa kati ya juma la 24 na la 28: mama hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha damu yake hupimwa. Mwaka wa 2013, Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha milimoli 5.1 kwa lita, kabla ya kula, kuwa mwanzo wa hali hii.

Glukosi ya mama hupita katika kondo na kumfikia mtoto, ilhali insulini ya mama haipiti. Mtoto hulazimika kutoa insulini yake kwa wingi, naye hunenepa kupita kiasi. Huenda mabega yake yakakwama wakati wa kuzaliwa, na baada ya kuzaliwa sukari yake ikashuka ghafla. Hivyo basi, mtoto mkubwa anayeshangiliwa na majirani si ishara ya siha njema kila mara.

Lishe Inayofaa

Kosa la kwanza ni kula bila kipimo. La pili ni kujinyima. Mjamzito anahitaji angalau gramu 175 za wanga kwa siku. Akijitesa kwa njaa, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kutoa ketoni, jambo ambalo halimfai mtoto.

Njia nyepesi ni kuigawa sahani. Nusu iwe mboga kama vile sukuma wiki, managu, terere, kabichi au mchicha. Robo iwe chakula cha kujenga mwili: maharagwe, ndengu, mayai, samaki, omena, kuku au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au viazi. Ugali usizidi ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi hufaa, kwa sababu kunde hupandisha sukari polepole.

Asubuhi huhitaji uangalifu zaidi, kwani wakati huo insulini hufanya kazi kwa udhaifu. Chai yenye sukari pamoja na mandazi au mkate mweupe hupandisha glukosi upesi. Yai la kuchemsha na kipande kidogo cha nduma ni bora. Uji wa wimbi si haramu, ila uwe kikombe kimoja, usio na sukari, na uandamane na chakula cha kujenga mwili. Asali na sukari nguru hupandisha glukosi vilevile. Tunda lililwe zima, wala lisigeuzwe kuwa sharubati. Nusu ya embe hutosha kwa mara moja. Milo mitatu ya wastani na vitafunio viwili au vitatu katikati hushinda milo miwili mikubwa.

Shughuli za Kila Siku na Dawa

Kutembea kwa dakika 30 kwa siku, hasa baada ya kula, husaidia misuli kutumia glukosi. Kazi za shambani na nyumbani pia ni mazoezi, mradi daktari asiwe amezikataza.

Mwenye kifaa cha kupimia hulenga kuwa chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 6.7 saa mbili baada ya mlo. Akiandika vipimo pamoja na alichokula, baada ya juma moja atatambua chakula kinachomdhuru yeye hasa, kwani miili hutofautiana.

Lishe na mazoezi visipotosha, daktari huagiza insulini au metformini. Kupewa insulini si adhabu wala dalili kwamba mama ameshindwa. Kondo likikua, mahitaji huongezeka. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika jokofu bila kugandishwa. Pasipo jokofu, mtungi wa udongo uliowekwa kivulini hupunguza joto. Anayetumia insulini akitetemeka, kutokwa na jasho au kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka chini ya 3.9. Anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Hapo sukari huwa ndiyo dawa.

Kwa Waislamu, ni muhimu ikumbukwe kwamba dini imemruhusu mjamzito anayehofia madhara kutofunga mwezi wa Ramadhani. Dawa za mitishamba nazo zisichukue nafasi ya dawa za hospitali.

Baada ya Kujifungua

Kondo likishatoka, sukari ya wengi hurejea hali ya kawaida. Mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza ili sukari yake isishuke. Vyakula vya jadi vya mzazi, kama njahi miongoni mwa Wakikuyu, vinaweza kuendelea, ila uji wenye sukari nyingi upunguzwe. Mama apimwe tena baada ya majuma 6 hadi 12, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kwa sababu hatari yake ya kupata kisukari cha kudumu ni takriban mara saba ya wanawake wengine. Wengi hulipuuza jambo hili wakidhani kwamba maradhi yamekwisha.

Hitimisho

Mzigo huu haumhusu mwanamke peke yake. Sufuria ni moja, na mama mkwe, mume na watoto hula kutoka humo. Mlo unaomfaa mjamzito huwafaa wote. Wapenzi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Mwanafunzi atakayeandika kijikaratasi cha kliniki kinachotaja ngumi ya ugali badala ya "kupunguza wanga" atakuwa ameitumia lugha kuokoa maisha. Kula kwa wawili kusibakie kujaza sahani. Kuwe ni kuchagua chakula kwa kuwafikiria watu wawili.